Magunia Manane Kwenye Ambulensi

Jumatatu, 11 Novemba

Zeituni za mama mkwe zimechumwa. Magunia manane. Yako uani kwangu na yameanza kupata joto. Nimetia mkono katikati ya gunia moja: vuguvugu, kama kitanda alichotoka mtu sasa hivi. Siku mbili zaidi na mafuta yatanuka soksi. Mama mkwe, Hajja Mabruka, hatalalamika. Atanitazama tu. Kulalamika atafanya mke wangu, Wasila, kwa niaba ya ukoo mzima.

Kinu cha hapa Ain Rihana kimenipa zamu ya Jumamosi. Jumamosi! Nimempigia simu mwenye kinu cha kule Bu Hanash, ng'ambo ya mlima. Naye foleni yake imefika barabarani. Akasema hampishi mtu, labda huyo mtu aje na gari la wagonjwa. Akacheka. Nikacheka na mimi. Kisha nikaacha kucheka.

Maana nani anashika ufunguo wa ambulensi ya Hospitali ya Ain Rihana, vitanda thelathini, ambulensi moja? Mimi, Lamjed, msimamizi wa utawala. Ufunguo wa gari, wa stoo, wa kabati la nyaraka, na mihuri mitatu.

Mkurugenzi wetu mpya, Daktari Hayet, alikuja kutoka Tunis miezi mitatu iliyopita na neno moja mdomoni: uwajibikaji. Leo ameagiza libandikwe ukutani kwa herufi kubwa. Nimelibandika mwenyewe. Pini nne, limenyooka. Nikarudi nyuma hatua tatu kulitazama, nikajisifu.

Jumanne, 12 Novemba

Imefanyika.

Dereva, Ami Tijani, alikataa. Mzee huyu ameendesha ambulensi miaka thelathini na moja, anastaafu Januari, na hajawahi kupakia humo hata kikapu cha nyanya. Alisema gari ni la wagonjwa, basi. Nikamwambia hii ni amri, nikamwandikia hati ya safari: kumpeleka mgonjwa Bu Hanash. Sahihi, muhuri. Akaisoma mara mbili, akauliza mgonjwa mwenyewe ni nani. Hapo mawazo yangu hayakuwa yamefika.

Hajja Mabruka akaniokoa. Alisema haachani na zeituni zake hata kidogo, watamchanganyia na takataka za watu. Akapanda garini, akajilaza kwenye machela katikati ya magunia, akajifunika blanketi la hospitali mpaka kidevuni. Hati ikawa na ukweli ndani yake! Mgonjwa, miaka sabini na minane, analalamikia magoti tangu siku niliyomposa binti yake.

Tulifika na king'ora. Foleni yote ikatupisha. Wanaume wazima wakavua kofia, mmoja akamwombea shifaa kwa sauti. Hajja akaketi kitako, akateremka, akauliza mizani iko wapi. Dua zikakoma, yakafuata maneno ambayo siyaandiki humu. Mwenye kinu alicheka mpaka akashika ukuta, na kwa kicheko hicho akatuingiza.

Zeituni zilikuwa zinasagwa simu ilipolia. Bi Saliha, muuguzi mkuu. Najet, mke wa mwokaji mikate, yuko shambani kwa mama yake, ameshikwa na uchungu, mtoto anatanguliza makalio. Ambulensi iko wapi? Nikasema iko njiani. Nilijiambia si uongo, kila gari liko njiani kwenda mahali fulani.

Najet amejifungua nyuma ya pikapu ya jirani, kati ya kondoo wawili, Saliha akimwelekeza mama yake kwa simu. Mtoto wa kike. Wazima wote, alhamdulillahi. Wazima wote. Naandika mara mbili kwa sababu tulipokuwa tunateremka mlima hatukujua, na Ami Tijani aliendesha macho mbele njia nzima. Niliogopa. Sijawahi kuogopa vile.

Jumatano, 13 Novemba

Mwokaji ameniuzia mkate ulioungua. Nikamwambia chini umeungua. Akasema hata juu, geuza uone.

Daktari Hayet ameunda kamati. Anataka kujua ambulensi ilikuwa wapi saa nne asubuhi mwanamke alipokuwa anajifungua baina ya mifugo. Wajumbe: yeye mwenyewe, Bi Saliha, na katibu wa kuandika muhtasari. Katibu ni mimi! Nimeteuliwa kumtafuta mtu asiyejulikana, ambaye kila asubuhi namnyoa ndevu.

Ningefurahi, isipokuwa Saliha. Mimi na yeye hatupatani tangu aliponyang'anya hita ya ofisi yangu akasema ni ya wagonjwa. Majira manne ya baridi sasa naandika na glavu. Leo ameingia na kikopo cha kupimia mkojo, ndani yake zeituni tatu. Amezikuta chini ya gurudumu la machela. Kikopo amekibandika karatasi kabisa, penye jina la mgonjwa ameandika: bado hajajitokeza.

Daktari Hayet, mtu wa mjini, akauliza zeituni tatu zitatuambia nini. Saliha akajibu, "Daktari, hapa kwetu zeituni ina baba na mama. Niangalie hizi kwa utulivu, Ijumaa nitakutajia mpaka jina la shamba." Akaniangalia mimi. Mimi niliangalia dari.

Kwani nani Ain Rihana hajui zeituni za Hajja Mabruka? Ndogo, ncha imepinda upande. Marehemu mumewe aliipandikiza miti ile kwa mkono wake, na hakumpa mtu hata tawi moja. Choyo chake ndicho kinachoniua leo.

Daktari ameamuru ushahidi ufungiwe kwenye kabati la nyaraka mpaka Ijumaa. Ufunguo ninao mimi. Kidogo nimwonee huruma Daktari.

Alhamisi, 14 Novemba

Asubuhi nilipeleka rasimu ya ripoti. Niliandika kwamba dereva aliondoka na gari bila kibali. Sentensi fupi, safi, haina kosa la nukta wala mkato. Daktari Hayet akaisoma, akasema ikiwa ni hivyo Ami Tijani atasimamishwa leo hii, na suala la kustaafu kwake litapelekwa kwenye baraza la nidhamu. Nikasema tusiende haraka, Daktari. Akanionyesha ukutani, lile neno, kwa pini zangu nne.

Ami Tijani akaitwa. Akaulizwa kama alikuwa na hati ya safari. Akaipapasa kofia yake. Akaulizwa tena. Akasema, "Mwulizeni msimamizi." Nikasema sikumbuki. Mzee akaitazama kofia yake iliyokuwa magotini, akasema sawa. Sawa tu! Angenitukana ningejua pa kushika.

Alasiri nikampelekea nyumbani chupa ya mafuta mapya, nimeifunga kwa kitambaa cheupe. Aliipokea mkewe mlangoni. Nikapitia sokoni, nikarudi kwangu: chupa iko kwenye kizingiti changu, kitambaa kilekile, fundo lilelile, haijaguswa. Mzee ana magoti mabovu kuliko Hajja na bado amenitangulia.

Wasila alimimina mafuta kwenye sahani, akaweka pilipili na mkate (ulioungua). Mafuta mazuri ajabu. Afadhali yangekuwa mabaya.

Lakini kazi kubwa niliifanya mchana, wenzangu walipokwenda kula. Nilifungua kabati, nikachukua zeituni tatu, nikazitupa chooni. Nikavuta maji. Zikaelea. Nikavuta tena. Zikazunguka, zikarudi kunitazama. Mara ya tatu zikaenda. Sasa kikopo kitupu ni hatari, kwa hiyo nikashuka jikoni, nikachota zeituni tatu kwenye bakuli la chakula cha wagonjwa, nikazifuta vizuri, nikazitia. Nyeusi kwa nyeusi. Nene kidogo, ncha haikupinda. Ataje sasa jina la shamba!

Ijumaa, 15 Novemba

Nimevuliwa nguo mbele za watu.

Tulikaa saa tatu asubuhi. Daktari Hayet mezani, mimi na kalamu yangu, Ami Tijani kitini karibu na mlango, kofia magotini. Saliha akafungua kikopo. Akatoa moja, akainusa. Kisha akaitia mdomoni.

Akatafuna. Taratibu, kama mtu aliye kwake. Akatema kokwa, akaiweka juu ya karatasi yangu ya muhtasari, akasema, "Bwana msimamizi, hebu nielimishe. Tangu lini mti unazaa zeituni zenye chumvi na limau?"

Daktari Hayet hakuelewa. Saliha akamweleza, akinitazama mimi, kwamba zeituni mbichi kutoka mtini hakuna kiumbe anayeweza kuitafuna, uchungu wake unafunga koo. Hii imelowekwa wiki tatu kwenye maji ya chumvi. Hii ni ya jikoni kwetu. Tena ni ya jana, kwa sababu jana ndiyo mpishi alizidisha limau, wodi nzima ikalalamika.

Mimi! Mtoto wa Ain Rihana! Nimezaliwa msimu wa mavuno, nimekua chini ya miti hiyo, na nikaenda kuweka zeituni za sahani.

Daktari akauliza ufunguo wa kabati anashika nani. Wote wakatazama mkono wangu. Nikautazama na mimi. Ufunguo ulikuwa humo, nilikuwa nauchezea.

Naapa nilishafungua mdomo kusema mpishi ana ufunguo wa pili. Kabla sijasema, Ami Tijani akageuza kofia yake, akatoa ndani ya bitana karatasi iliyokunjwa mara nne. Hati ya safari. Sahihi yangu. Muhuri wangu. Kumpeleka mgonjwa Bu Hanash.

Daktari Hayet akamuuliza kwa ukali kwa nini hakuionyesha jana, wakati anasimamishwa kazi. Mzee akasema alikuwa anangoja. Akanigeukia. "Baba yako nilimfahamu, mwanangu. Nikajisemea, huyu atasema mwenyewe, nimpe siku. Nimekupa siku tatu."

Hakupandisha sauti. Masikio yaliniwaka. Niliona haya, haya yale ya utotoni, ya kutamani mama aje anichukue. Sikuwa na la kujitetea, na kwa mara ya kwanza sikulitafuta.

Na kwa kuwa mimi ndiye katibu, ikabidi niandike yote. Nimeandika. Kokwa ya zeituni ilikuwa bado juu ya karatasi, nikaizunguka.

Jumatatu, 18 Novemba

Hukumu. Onyo la maandishi. Funguo zote na mihuri mitatu kwa Bi Saliha. Ofisi yangu pia. Hita imerudi kule ilikotoka, na yeye ndiye anayeiota. Mimi nimehamishiwa chumba cha kufulia, kusimamia mashuka. Ami Tijani ameombwa radhi rasmi na anaendesha hadi Januari. Leo asubuhi alipita na gari, akanipungia mkono. Nilijificha nyuma ya kamba ya mashuka.

Sharti la mwisho: niende mwenyewe kwa Najet. Nilikuwa nimeandaa hotuba. Nilipoingia Najet hakunipa nafasi, akaniwekea mtoto mikononi. Akasema, "Mtazame vizuri, kaka. Mlikuwa mwonane Jumanne." Mtoto mwepesi kuliko mkate. Alishika kidole changu, na hotuba ikapotea yote. Nikasema samahani. Nikasema tena.

Mwokaji akanisindikiza mpaka mlangoni, akanipa mkate. Haukuungua popote. Ndio uliouma kuliko yote.

Nimeapa mbele ya Mungu na mbele ya Wasila kwamba mali ya hospitali sitaigusa tena maishani. Wasila akaniambia nirudie kwa sauti zaidi. Nikarudia. Mimi ni mtu mwingine sasa.

Alhamisi, 21 Novemba

Chumba cha kufulia si pabaya. Kuna joto. Na kuna mashine. Sikuwahi kujua tuna mashine ya namna hii! Kilo hamsini kwa mkupuo, inafua, inakamua, inakausha.

Hajja Mabruka anataka sufu ya magodoro manne ifuliwe kabla mvua hazijashika. Kila mwaka Wasila na dada zake huifulia mtoni, mikono inavimba, na ninayesikia habari za mikono hiyo mpaka Machi ni mimi. Nimepima kwa macho. Magodoro manne yanaingia, na nafasi inabaki.

Dobi ni mmoja tu, Bi Hniya, mama mstaarabu, anastaafu majira ya kiangazi. Alikataa kwanza. Alisema Jumamosi ni zamu ya mashuka ya wodi ya wazazi. Nikamwambia ni saa mbili tu, mashuka hayana haraka, na wazazi hawazai kwa miadi. Akauliza kama nitamwandikia hati.

Hajja ameuliza kama itabidi alale tena kwenye kitu chochote. Nimemwambia safari hii hapana, labda aje ashike mlango.

Na kwa Bi Hniya nilitabasamu tu. Watu wanasema Lamjed hajifunzi. Nimejifunza: safari hii siandiki karatasi yoyote.