Ukurasa wa Shukrani Usijalidiwe Kwanza

Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo cha Uchumi,

Shikamoo. Natumaini wewe na walio chini yako hamjambo. Sisi huku tunasukuma siku. Mimi ni mke wa yule mwanafunzi wako mrefu aliyefaulu udaktari wa uchumi wiki jana. Sikusoma sana, kwa hiyo nikikosea unisamehe.

Nakuomba kwa heshima zote kitabu chake kisijalidiwe kwanza, maana ukurasa wa shukrani una kasoro. Wewe amekushukuru kwa mwongozo. Mtunza maktaba kwa vitabu. Fundi wa kompyuta kwa kuifufua mashine. Mimi niko mstari wa mwisho kabisa: "Na mke wangu, kwa kunipa utulivu." Malalamiko yangu ni haya:

1. Si kweli. Nyumba yetu ni vyumba viwili na mtoto mmoja mwenye sauti ya watu sita. Utulivu ningeutoa wapi? Nilichotoa ni mgongo. Nilimfunga mtoto mbeleko nikazunguka naye uani jua likiwaka, ili baba yake amalize sura ya nne. Wageni niliwaambia hayupo, naye yumo ndani, anakohoa.

2. Wifi yangu aliusoma akacheka hadi akakaa chini. "Kumbe kazi yako ilikuwa kunyamaza? Mbona hata kabati linanyamaza, wifi."

3. Hili ndilo linaloniuma. Mwezi ujao naanza masomo ya jioni, nimalize sekondari niliyoikatiza. Nikamwomba mume wangu awe anamshika mtoto. Akanijibu kwa upole, "Usijali, mama watoto, nami nitakupa utulivu." Mheshimiwa, nimeshaona itakavyokuwa: mimi mezani na hesabu zangu, mtoto miguuni analia, na daktari pembeni kwenye kiti, ametulia tuli.

4. Yeye mwenyewe husema kwenye uchumi hakuna cha bure. Sasa kama ukurasa wa kwanza umemkosea mtu anayelala naye chumba kimoja, hizo kurasa nyingine zote zinazohusu watu wa mbali asiowajua tuziamini vipi?

Kwa hiyo naomba shahada isimamishwe. Wasahihishaji waje nyumbani wakae na mtoto tangu asubuhi hadi adhuhuri, kisha waandike wenyewe neno la kuweka badala ya "utulivu". Wakishindwa kumaliza siku, hilo nalo liandikwe. Na yote yakishindikana, siku ya mahafali joho avae yeye, kofia nipewe mimi.

Nisalimie mkeo, watoto, katibu wako, wahadhiri wote na yule mlinzi wa getini mwenye maneno mazuri.

Nakaa hapa nikitazama njia ya jibu lako,

Mke wa Daktari

Nyongeza: Nimeshtuka kwamba barua yote hii nimeiandika kwa mkao mmoja, mchana kweupe, bila kuitwa na mtu. Nimechungulia dirishani. Mume wangu amechuchumaa kwenye beseni, mkono mmoja unasugua nepi, na wa pili ameushika mtoto, ambaye anaota meno na anamtafuna kidole gumba kwa nguvu zake zote. Machozi yanamlengalenga daktari wa watu, lakini amekaza midomo, hatoi hata mguno, asije akanisumbua. Basi, Mheshimiwa, jalidini. Neno lile lisiguswe.