Boneti ya Kioonyuzi

Kwa niaba ya ofisi yetu, na kwa furaha isiyofichika, nautangazia umma wa Morogoro kwamba mchakato wa kulipatia boneti gari la wagonjwa wa mlimani umekamilika. Mafanikio yake yamevuka matarajio yetu, hasa matarajio ya Mkurugenzi.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Boneti na msanifu wake wa lugha. Nina stashahada. Nalitaja hilo mapema kwa sababu watu hawaulizi.

Historia ni fupi. Jiwe liliporomoka mlimani likaangukia gari letu la wagonjwa, boneti ikajikunja kama chapati iliyosahauliwa jikoni. Gari likavutwa hadi uani kwetu. Tangu hapo halikuwaka tena, na Mkurugenzi, Bwana Mansuri, akatoa sababu ya kitaalamu: "Gari haliwezi kuwaka likiwa kichwa wazi." Tukaandika.

Kila alipoteremka na mboga zake kwenda sokoni, Mama Bernadeta alipitia kwetu na kukaa kwenye benchi. Mkwe wake, Janeth, alikuwa mjamzito, siku zimekaribia. Mimba ya kwanza alishushwa kwa machela, wabebaji wakiteleza kwenye matope. Mtoto hakufika. Safari hii Mama Bernadeta hakutaka machela. Alitaka gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Gari?"

"Liko kwenye mchakato, mama."

"Mchakato ndiyo gereji gani hiyo?"

Maswali ya aina hiyo hujibiwa na ngazi ya juu.

Kamati iligawanyika. Innocent, afisa ugavi, alitaka boneti ya chuma. "Chuma ni heshima," alisema, akigonga meza ambayo ni ya mbao. Wengine walisubiri kujua Mkurugenzi anapenda nini. Mkurugenzi alipenda tusiharakishe. Basi tukamwita Halidi, fundi bodi wa Mwembesongo, atushauri.

"Iko hivi, mabosi," alisema Halidi, bado amesimama maana viti vilikuwa vya wajumbe. "Ya chuma ikibonyea unainyoosha kwa nyundo, ila kwa ukungu wa kule juu, kutu itakula mpaka ishibe. Faiba haili kutu, na ni nyepesi. Ila ikipasuka, ndo imepasuka."

"Faiba si neno," nikasema.

"Si neno? Mbona nimelisema na mmenielewa?"

Nilimweleza kwamba lugha yetu si ombaomba wa kwenda kugonga milango ya watu. Nikaunda neno palepale: kioonyuzi, kwa kuwa kitu chenyewe ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi. Wajumbe wote wakasimama kwa heshima ya neno hilo, au kwa sababu chai ilikuwa imeingia. Kura zilipopigwa, chuma kilianguka vibaya. Hakuna mjumbe aliyethubutu kulipinga neno asilolielewa. Halidi akaondoka akilirudia njiani, akicheka peke yake.

Siku ya uzinduzi tulipamba ua kwa vitambaa. Mama Bernadeta alikuja moja kwa moja kutoka mlimani, bila mboga, amejifunga kanga kiunoni. "Uchungu umeanza," aliniambia. Nikamwomba avumilie hotuba, nimeiandika mimi.

"Boneti hii," Mkurugenzi alisoma, "ni ya kio... kioo... kioonyuzi." Kisha akaiweka hotuba yangu pembeni.

"Ndugu wananchi! Kioo! Kioo maana yake nini? Uwazi! Ofisi hii haina cha kuficha. Kuanzia leo, kila mwananchi ataona kilichomo ndani!"

Vigelegele vikapigwa. Mama Bernadeta akaisogelea boneti, akaipangusa kwa ncha ya kanga, akakinga macho kwa viganja na kuchungulia.

"Mbona sioni, mwanangu?"

"Mama, uwazi ni falsafa," Mkurugenzi alisema.

"Na falsafa inafunguliwa upande gani?"

"Fungua! Fungua!" watu wakadakia.

Halidi akaiinua boneti kwa vidole viwili. Hapo ndipo wepesi wa kioonyuzi ulipodhihirika. Ndani kulikuwa na injini, waya mbili zinaning'inia, na mahali pa betri pakavu, peupe.

"Betri iko kwenye mchakato," nikasema, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Pembeni, gari la Mkurugenzi lilikuwa likiunguruma taratibu, kiyoyozi kinamsubiri. Mama Bernadeta akaligeukia.

"Na hili, boneti yake ya nini?"

"Ya chuma, mama," Innocent akajibu kwa fahari.

"Lifungueni nalo, tujifunze tofauti."

Injini ikazimwa. Halidi alitumia mikono miwili na bega. Boneti ya chuma ikalia, ikapanda. Betri ilikuwepo, imara, na ubavuni imeandikwa kwa rangi nyekundu: WAGONJWA.

"Betri isipotumika hufa," alisema Mkurugenzi. "Nilikuwa naitunza ikiwa hai."

Hakuna aliyepinga. Watu waliihamisha tu. Gari la wagonjwa likawaka mara moja, Mama Bernadeta akapanda mbele, na likashika njia ya mlimani.

Gari la Mkurugenzi nalo lilipaswa kufika nyumbani kwake Mafiga, na Kamati ndiyo iliyokuwa na mikono. Chuma ni heshima. Pia ni kizito. Jioni tulikuwa bado tunasukuma, Mkurugenzi kashika usukani, gari la wagonjwa lilipotokea nyuma likipiga honi kutaka njia. Tukajibanza mtaroni. Janeth alikuwa amelala ndani, anahema, na Mama Bernadeta akatoa kichwa dirishani.

"Shikilieni hapohapo, wanangu! Mchakato ndio huo!"

Likatupita, likielekea hospitali.

Mkurugenzi akashusha kioo. "Katibu," alisema, "kabla ya kesho nataka neno jingine. Lisiwe na kioo ndani yake."

Nikafikiri, bega langu likiwa kwenye chuma cha serikali na stashahada yangu ikiwa kabatini.

"Faiba," nikasema.