Tone la Mwisho la Pocha

Jumatatu, 3 Agosti

Mvua tangu asubuhi. Habari kubwa! Profesa Élida anakuja Ijumaa. Mwalimu wetu mwenyewe, aliyetufundisha kumshika panya bila kumwudhi. Binti yake alipiga simu: macho ya mama yanazimika, anataka kuona tena yale maua ya kijani kwenye hadubini kabla giza halijaingia.

Maua ni neva za kijipanya ambacho hakijazaliwa. Zinakua ndani ya uti wa mgongo, na kuna protini inayoziita: piteni huku, si kule. Protini yenyewe haionekani. Inahitaji kingamwili ya kuinasa na kuing'arisha. Kingamwili yetu ilitoka katika damu ya Pocha, sungura wa Profesa, enzi za ujana wetu. Kimebaki kichupa kimoja kwenye friza. Kinatosha kazi moja tu.

Nani atamwonyesha? Mimi, Heber Olivera! Au Graciela Bentancur, mwanamke anayekaa mkabala nami tangu tukiwa wanafunzi, ambaye hajawahi kunipisha hata mlangoni.

Mimi, nimesema.

Jumanne, 4 Agosti

Mbinu ya kwanza. Nilimwambia Bentancur kuna panya katoroka bandani, ili nipate nafasi ya kufungua friza. Akakimbia. Akarudi na panya mkononi. Kweli alikuwa katoroka! Mkuu wa maabara akampongeza mbele ya wote. Mimi nilikutwa nimeinamia friza, nikasema natafuta barafu ya kichwa.

Jioni nilimkumbuka Pocha. Profesa alikuwa akimwomba radhi kabla ya kumtoa damu sikioni: samahani, mama, kidogo tu. Na ule mwaka umeme ulipokatika, sote tukaenda bandarini kuomba barafu kwa wauza samaki. Damu ya Pocha ikapona. Maabara ilinuka samaki mpaka majira ya joto. Bentancur alicheka hadi akakaa chini. Alikuwa na kicheko kizuri. Nimezitamani siku zile.

Jumatano, 5 Agosti

Nimekipata! Bentancur alikwenda kununua maandazi, maana hapa mvua ikinyesha ni lazima yaliwe, nami nikakitoa kichupa. Nikifiche wapi? Friji zote anazipekua. Nikapata wazo la kijanja: chupa yangu ya chai. Montevideo hii mtu anaweza kukuazima koti, hata habari ya mke ikajadilika, lakini chupa yako ya yerba, ile chai yetu chungu, ni kama mkono wako. Hakuna anayeigusa. Nikaijaza barafu, nikatumbukiza kichupa, nikaiacha mezani wazi wazi.

Bentancur alirudi, akafungua friza, akafunga. Akaniuliza kama nimekiona kichupa cha Pocha. Nikamwambia huenda kimechoka kumsubiri. Akaniwekea andazi moja kwenye karatasi. Nililila bila kumtazama.

Alhamisi, 6 Agosti

Msiba! Nilifungua chupa asubuhi. Ukatoka mvuke!

Nelson, bawabu wetu, alikuwa amesimama mlangoni anatabasamu. Akanieleza kwamba alimimina kidogo, yakatoka maji ya baridi kama maiti. "Mzee Heber, baridi hii ya Agosti, mtu mzima na chupa baridi? Nikasema hapana, bwana, huyu ana matatizo nyumbani. Nikakujazia ya moto kabisa."

Nikamuuliza kama aliangalia ndani. Akauliza nani huangalia ndani ya chupa ya chai ya mwenzake. Kweli, nani?

Kingamwili ilikuwa imeganda nyeupe kama ute wa yai la kuchemsha. Pocha wetu, kapikwa. Nelson alikuwa bado anasubiri shukrani. Nikamshukuru. Kisha nikajifungia stoo nikalia. Nililia kwa ajili ya Profesa, lazima niseme, si kwa ajili yangu. Sana sana kwa ajili yake.

Ijumaa, 7 Agosti

Alikuja. Mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ameshikwa mkono na binti yake. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu hitilafu ya umeme. Sikuwahi kuitoa. Bentancur alimkalisha kwenye hadubini.

Sisi huku hatumwagi kingamwili. Ikiagizwa ng'ambo hukaa forodhani mpaka iharibike, kwa hiyo maji yake yaliyokwisha kuogesha vipande vya panya tunayakusanya, tunayatumia tena, na tena, mpaka yachoke. Bentancur alikuwa ameyatafuta maji ya mwaka jana nyuma ya friji. Maji niliyoyatumia mimi!

Yalikuwa yamechoka. Kijani kilikuwa hafifu. Lakini neva zilionekana, zimeinama zinavuka, kama zamani.

Profesa aliishika hadubini kwa mikono miwili. Kisha akanong'ona: "Pocha, mama, bado uko kazini?" Machozi yakadondoka juu ya hadubini, na hakuna aliyethubutu kuifuta.

Bentancur akasema maji yale ni ya Heber, bila yeye kusingekuwa na kitu. Angeweza kukaa kimya. Nikaona aibu. Kisha Nelson akaingia na kusimulia, kwa fahari, jinsi alivyonipashia chupa. Profesa alielewa papo hapo kichupa kilipopotelea. Alicheka mpaka akakohoa.

"Nyie watoto bado mnagombana?" akauliza. "Mtazeeka lini?"

Jumamosi, 8 Agosti

Zawadi kutoka kwa Profesa: sungura jike mchanga, mweupe, ndani ya kapu. Ametuma neno kwamba ni wetu sote wawili, tuanze upya. Bentancur na mimi tulipeana mikono. Nilimwangalia machoni nikamwahidi: hakuna kufichana tena. Nilimaanisha kila neno.

Mchana nimempeleka sungura kwa dada yangu, Las Piedras, nje ya mji. Bentancur hatafika kule hata akiota. Sikumweleza dada habari za kingamwili, maana maneno hupita ukuta. Nimemwambia tu amtunze vizuri.

Amepiga simu sasa hivi. Anauliza kama sungura nampenda kwa mchuzi wa siki au wa divai. Nimecheka sana. Dada yangu hakuwahi kuwa mcheshi, uzee umempendeza.