Tangi la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Agosti

Baba mkwe na mke wangu wameondoka asubuhi kwenda hospitali ya macho. Watakaa huko wiki nzima. Pikipiki ya mzee imebaki kwangu, maana mimi nina banda na mwanyumba wangu hana. Mwanyumba ni mume wa shemeji yangu. Tumeoa ndugu, basi watu wanadhani tunapendana.

Mzee alitutamkia wote wawili kabla ya kupanda basi: hata wakimtibu macho, umri wa kuendesha umempita. Akirudi ataamua nani kati yetu aichukue pikipiki. Mwanyumba alitabasamu kinafiki. Mimi nilitabasamu kwa heshima.

Nimeikagua. Injini safi. Magurudumu safi. Tangi, aibu tupu! Rangi ya kijani iliyopakwa kwa brashi, michirizi kila mahali, na unywele wa brashi umegandia humo humo. Karibu na kifuniko kuna ua la njano lililopinda, petali tano, moja kubwa kama sikio. Sijui fundi gani aliipaka akiwa amelewa.

Wazo lilinijia nikiwa bado nimechuchumaa. Nitalipaka tangi upya. Jekundu lenye kina, linalong'aa mpaka mtu ajione meno. Mzee akiliona tu, mambo yamekwisha.

Jumanne, 4 Agosti

Nimelifungua tangi, nimemwaga mafuta, nimelisugua. Msasa mkali kwanza, kisha laini. Kijani kilitoka bila ubishi. Ua lile lilinitoa jasho! Lilipakwa tabaka juu ya tabaka, kana kwamba mtu alikuwa hana kazi nyingine. Nililimaliza saa sita mchana, vidole vinawaka moto. Bonde dogo pembeni nimelijaza puti.

Mke amepiga simu. Mzee anaulizia pikipiki yake. Nikamwambia iko mikono salama. Akasema hata kuiosha nisiioshe, niifunike tu. Nimemwelewa: anaogopa mwanyumba asije kuichukua kwa kisingizio cha kwenda kuiosha. Nimeoa mwanamke mwenye akili.

Jumatano, 5 Agosti

Adui wa rangi ni vumbi. Banda langu ni vumbi lenye paa. Nyumba nzima hakuna mahali pasipo na vumbi isipokuwa bafuni, basi tangi nimelining'iniza bafuni kwa waya, pale pa kutundikia taulo. Nimemwagia sakafu maji. Dirisha nimeliziba kwa shuka la wageni.

Mashine ya kupulizia rangi nimeiazima kwa mwanyumba. Yeye hutengeneza mageti. Nilimwambia napaka kabati.

Rangi ya fedha kwanza, kisha nyekundu inayopitisha mwanga, nyepesi nyepesi, mara nne. Hiyo ndiyo siri ya kina. Baada ya robo saa vikatokea vishimo kama makovu ya chunusi, kumi na kitu. Mafuta! Nilikuwa nimekula yai la kukaanga na kulishika tangi kwa mkono ule ule. Nimesugua yote na kuanza upya. Mashavu yangu pia ni mekundu. Hayatoki kwa sabuni.

Alhamisi, 6 Agosti

Mwanyumba alikuja kuchukua mashine yake, akaomba kunawa mikono, akaingia bafuni kabla sijamzuia. Alisimama mbele ya tangi. Kisha akaketi juu ya ndoo.

"Umemuuliza mzee?" akasema.

Nilimwambia zawadi haiulizwi. Akaanza kunieleza jambo kuhusu lile ua, nikamkatisha. Wivu naujua harufu yake. Akaondoka pole pole, mashine akaniachia. Kama ningekuwa yeye nisingeiacha.

Ijumaa, 7 Agosti

Vanishi, safu tatu. Kama maji! Kisha nzi akatua katikati kabisa. Nimemtoa kwa kibanio cha nyusi cha mke wangu. Alitoka nzi, miguu miwili ikabaki.

Siku ya tatu naogea nyuma ya banda. Jirani amenung'unika kwa sauti ya kusikika.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimesubiri vanishi ikauke, nimeisugua kwa msasa laini na maji mpaka miguu ya nzi ikaisha, nimepaka safu nyingine, nimeomba Mungu. Jioni nikaing'arisha kwa kitambaa, nikalifunga tangi mahali pake.

Jamani. Ukilitazama unahisi utatumbukia. Nimeona uso wangu mle, mashavu mekundu na yote, nikajipenda.

Jumapili, 9 Agosti

Wamefika. Macho ya mzee yamepona, anasoma hata maandishi ya kwenye kiberiti. Alikataa kuketi, akataka kwanza aione pikipiki. Shemeji na mwanyumba nao walikuwepo. Nikavuta turubai kwa mbwembwe.

Mzee alitazama. Akasogea. Akaweka kidole gumba karibu na kifuniko, akapapasa pale, akarudia, kama mtu aliyepoteza kitufe.

"Ua la mama yenu liko wapi?"

Nikamweleza kuhusu msasa. Nikamweleza na tabaka, kwa sababu nilidhani angependa kujua. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kazi nzuri," akasema. "Basi ichukue. Yangu ilikuwa na ua."

Kisha akaenda kuketi ndani.

Mke wangu alinieleza baadaye, huku amenipa mgongo. Mama mkwe alilipaka yeye mwenyewe mwaka aliofariki, ameketi kitandani, tangi mapajani, mkono unatetemeka. Kila petali ilimchukua siku nzima. Miaka minne mzee amekuwa halioni, analipapasa tu. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema atalitazama ua lile kabla ya kitu kingine chochote.

Niliona aibu. Chakula nilikiacha mezani. Mwanyumba hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi.

Lakini pikipiki ni yangu.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeamka na wazo. Nitamrudishia mzee ua lake! Zuri kuliko lile la kwanza. Petali tano zilizolingana, hakuna sikio, vanishi safu tatu juu yake. Atasahau yote.

Tatizo ni ile njano, sikumbuki ilivyokuwa. Nimemuuliza mke, kijanja, bila kumwambia kitu. Anasema mama alipaka ua jingine kama lile kwenye mlango wa jiko la mzee, na sasa limebaki hilo moja tu.

Kesho mzee anarudi hospitali kukaguliwa macho. Nitapita jikoni kwake na msasa, nilikwangue lile ua kidogo, nipate rangi kamili.