Stika Iliyomhesabu Mama Mkwe

Kwa Msimamizi wa Mizani,
Ghala la Ngano.

Shemeji Wendell,

YAH: MIZANI YAKO KUNIVUNJIA HESHIMA

Salamu nyingi. Hapa nyumbani hatujambo, isipokuwa dada yako Nadine, ambaye tangu Jumanne hanisemeshi. Nakuandikia kirasmi kwa sababu chanzo ni wewe.

Unajua fika kwamba Jumamosi mwanangu Jaycee yumo kwenye fainali za Oklahoma za mbio za kuzungusha farasi kwenye mapipa. Miaka minne ameingoja siku hii, na miaka yote minne farasi wake wamevutwa na pikapu ya baba yake, si ya mjomba mtu. Jumanne nilikuja mizanini kwako kwa moyo mweupe, na trela na familia nzima, nawe ukasema mbele ya wakulima waliopanga foleni: "Delbert, umezidisha ratili mia tano. Mtoto humpakii humo." Malalamiko yangu ni haya:

1. Muuza magari aliniambia kwa kinywa chake kwamba pikapu yangu inavuta ratili elfu kumi na moja. Trela na farasi ni elfu saba. Hata mtoto wa chekechea anaona zimebaki elfu nne. Wewe ukaiacha hesabu hiyo nzuri, ukafungua mlango wangu wa dereva bila hodi, ukasoma stika: watu na mizigo wasizidi ratili 1,480. Eti kuvuta ni kuvuta na kubeba ni kubeba. Shemeji, nimekaa na stika hiyo miaka sita na hatujawahi kugombana.

2. Ulidai kwamba ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachonasa nyuma ya pikapu, unaigandamiza kwa ratili mia tisa, na kwamba hizo nazo nazibeba mimi. Trela lina magurudumu manne ya kwake, kazi yake nini? Wahenga walisema ulimi hauna mfupa. Hizo mia tisa zimetoka wapi?

3. Ukatupima sisi. Mimi 270, sikatai, nafuga ng'ombe na ninawala. Jaycee 120. Mbwa 70. Maji ya farasi na matandiko 260. Lakini kumpandisha mizanini Mama Verna, mama yako mzazi, na kuitangaza namba yake kwa kipaza sauti, hilo ni lako, mimi simo. Nadine alikataa kupimwa, ukaniuliza mimi nikisie, nami kwa upumbavu wangu nikajibu. Sasa nalala sebuleni na mbwa.

4. Nilifunga springi mpya, nene, na gari halichutami tena. Ukacheka: "Umemwinua punda makalio, mzigo uko palepale." Hiyo ni lugha ya ofisi? Nakiri kwamba kwenye mteremko wa mtoni tulisimama mbele kidogo ya pale nilipokusudia, na usukani ulikuwa mwepesi hata nikauendesha kwa kidole kimoja. Watu hulipia raha kama hiyo.

Kwa hiyo naomba ukubali Mama Verna asafiri kwenye trela na farasi, kwani amesema mara nyingi kwamba anawapenda kuliko mimi. Hilo likishindikana, mimi na mbwa tutafunga kula hadi Jumamosi. Na hilo likishindikana, tuandike stika mpya. Kalamu ninayo.

Vilevile ukome kumnong'oneza Nadine habari za pikapu yako kubwa. Farasi wa mtoto huvutwa na baba yake.

Nisalimie wakulima wote waliocheka, hasa yule aliyeshikilia tumbo. Wape pole wasiokuwepo.

Ni mimi shemeji yako, uliyempima ukamwona amezidi,

Delbert Hoskins

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nikamkuta Jaycee zizini na karatasi anapiga hesabu ya ratili. Amefuta maji, amefuta mbwa, kisha amefuta jina lake mwenyewe. Ananiambia atakwenda kwa basi, mimi nisione aibu. Shemeji, njoo na pikapu yako Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Ila kabla hajapanda utanifungulia mlango wako wa dereva, niisome stika kwa macho yangu. Mtoto ninaye huyu mmoja.