Kitanda Bure, Chai Ghali

Jumatatu, 4 Machi

Siku ilianza vizuri. Nimefagia chumba cha mgeni, nimetandika, nimeweka sabuni mpya. Chumba chenyewe kilikuwa cha mke wangu, cha kushonea. Tangu lile duka la viatu nililokuwa nasimamia lifungwe, tumekigeuza cha wageni wa siku mbili tatu. Wazo langu. Cherehani imehamia kwenye korido, na mke wangu anashona amejikunja ili watu wapate pa kupita. Halalamiki. Anasema tu kwamba kule gizani uzi mweusi na uzi wa bluu ni mapacha.

Wageni hutupata kwa programu ya simu. Wanalipa humo humo, kisha fedha zinanifikia mimi. Wakiondoka wananipa nyota. Nina nyota nne na nusu. Jirani yangu ana tano. Huyu tunamwita Bwana Suti, maana huvaa suti hata akimwagilia maua. Ana vyumba viwili vya wageni na hupenda kuvitaja.

Leo kanisimamisha kwenye ukuta wa mpaka wetu. Kaniuliza kama nimeshamalizana na tozo ya malazi. Nikasema zamani. Na kodi ya mauzo? Nikasema hiyo ndiyo niliyoanza nayo.  Akasema ni vitu viwili tofauti, kimoja cha manispaa, kingine cha mamlaka ya mapato, na wengi huvichanganya. Nikamjibu kwamba wengi ni wengi na mimi ni mimi.

Sijawahi kusikia hata kimoja.

Jumanne, 5 Machi

Nimekwenda manispaa. Foleni ndefu, feni moja, nayo inampepea karani peke yake.

Karani kanieleza kwamba tozo ya malazi ni asilimia fulani ya bei ya kila usiku mgeni anaolala. Nikauliza analipa nani. Mgeni. Basi mimi nimefuata nini hapa? Wewe ndiye unayekusanya na kuleta. Kwa hiyo nalipa mimi. Hapana, analipa mgeni. Basi niende zangu. Hapana, usiende. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akaanza kucheka, nami nikamwambia asubiri zamu yake, itamkuta.

Karani akauliza kama natumia programu ya simu. Nikasema ndiyo. Akasema basi, baadhi ya programu hukata na kupeleka zenyewe. Nikaomba arudie. Akarudia vile vile: inakata, inapeleka. Nikamwachia jina, mtaa na namba ya simu, kwa kuwa nilimwambia yapo mambo hayajaniingia.

Jengo la mamlaka ya mapato liko upande wa pili wa mji. Huko wakasema kodi ya mauzo inahusu vitu ninavyomuuzia mgeni: chai, chakula, kufuliwa nguo. Nikasema mimi nauza usiku. Wakasema usiku ni wa manispaa, wao wana asubuhi. Ndivyo nilivyoelewa.

Njiani nimelitafakari lile neno. Inakata. Inapeleka. Anayekatwa ni nani, kama si mimi? Na kinachopelekwa ni nini, kama si jina langu? Ndiyo kusema mwaka mzima nimefuga nyoka mfukoni, na kila jioni namchaji.

Alhamisi, 7 Machi

Nimejitoa kwenye programu. Nyota zote nne na nusu zimezimika. Mke wangu kauliza wageni watatujuaje. Nikamwambia chema chajiuza. Akasema chema ndicho kinachojiuza, chumba chetu kina bomba linalolia. 

Bahati haikuchelewa. Mchana kaja Mwalimu, mwanamke mpole mwenye miwani, yuko kwenye semina mjini mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Mgeni wetu wa zamani ndiye aliyemwelekeza. Nikaona hapa ndipo pa kujaribu mpango niliousuka tangu Jumanne. Tozo ni ya kulala, si ndiyo? Basi kulala ni bure. Atalipia chai ya asubuhi tu, kwa bei ile ile ya chumba. Manispaa wakija hawakuti usiku uliouzwa. Nilishangaa kwamba hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hili.

Nikamweleza Mwalimu. Akasikiliza vizuri sana, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyepotea. Kisha akasema hanywi chai.

Hili sikulitarajia. Kahawa je? Hanywi. Maziwa yanamsumbua tumbo. Nikajikuta nimemkaribisha alale zaidi ya wiki bure kabisa, na mke wangu yuko mlangoni anasikia. Mwishowe Mwalimu mwenyewe akanionea huruma. Akasema yai la kuchemsha anakula. Tukakubaliana yai. Amelipa yote kwa mkupuo.

Mke wangu anasema hajawahi kuona yai la bei hiyo, na aliyelitaga hajui.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Suti anajua habari za yai. Mwalimu alipita kwake kuulizia duka la vocha, wakazungumza. Kaniita ukutani na kuniambia, kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa pole, kwamba yai ndilo hasa linaloingia kwenye kodi ya mauzo. Akasema kama mtu angetaka kulipa kodi nyingi kuliko inavyompasa, asingepata njia bora. Akasema pia kwamba mwaka wake wa kwanza naye aliteleza, akapigwa faini, na ndiyo maana ananiulizauliza. Kama nataka, atanisindikiza ofisini.

Nikamshukuru. Sikumwamini. Mtu mwenye nyota tano anataka nini kwa mwenye sufuri? Mwenye kutaka chumba cha tatu huyo.

Yai limefutwa. Yaani Mwalimu anaendelea kulila, ila si la kuuza tena. Sasa sijui alicholipia ni nini. Nitatafuta jibu.

Jumamosi, 9 Machi

Jibu limepatikana. Ndugu halipi tozo. Mwalimu atakuwa binti wa shangazi yangu.

Nimemketisha nikamfundisha. Shangazi yangu ni marehemu, hawezi kukanusha. Mwalimu akasema kazini kwake anawafunza watoto kusema kweli. Nikamwambia undugu si uongo, sote tu wana wa Adamu, tofauti ni kiasi gani mtu arudi nyuma. Akasema atajitahidi. Akauliza shangazi alifariki lini ili asikosee. Mwanamke makini sana. Afadhali angekuwa mzembe kidogo.

Mke wangu kasimamisha cherehani. Akasema, "Baba Watoto, nenda ukajisajili, yaishe." Nikamwambia mambo haya si mepesi kama anavyodhani. Akasema hajadhani kitu, amesikia tu Bwana Suti akinieleza, na yeye ameelewa. Akaniuliza kama niliwahi kusoma kwenye simu ile programu ilikuwa ikikata nini hasa. Nikamwambia mtu hasomi barua za mwizi.

Akarudi kwenye mshono wake. Tangu saa hizo ananijibu kwa mkato. Ndiyo. Hapana. Chakula mezani.

Jumatatu, 11 Machi

Afisa wa manispaa amekuja.

Binti mdogo, begi begani, vumbi hadi kwenye magoti. Kaniamkia vizuri, shikamoo ya kueleweka. Nikamweka kwenye kiti kizuri. Moyoni nikawa najua aliyenichoma kwa manispaa ni nani, na nikaapa kutomsalimia tena mtu yeyote mwenye tai.

Akauliza kama tunapokea wageni wa kulipia. Nikasema sisi ni ukoo mkubwa, ndugu wanakuja, ndugu wanaondoka. Hapo Mwalimu akatoka chumbani, taulo begani.

"Na huyu dada?" afisa akauliza.

"Mimi ni binti wa shangazi yake," Mwalimu akasema, macho chini. "Nimelipia mpaka Ijumaa."

Kule korido cherehani ikanyamaza.

"Umelipia chumba?"

"Hapana, chumba ni bure. Nimelipia yai."

Afisa alinitazama mimi, akamtazama Mwalimu, akanirudia mimi. Akaweka begi chini. "Mzee wangu," akasema, "sikuja kukukamata. Ni wewe uliyekuja dirishani ukaacha jina na mtaa, ukasema kuna mambo hayajakuingia. Nimetumwa nije nikueleweshe."

 Kwa hiyo aliyenichoma ni mimi.

Akauliza natumia programu gani. Nikajikaza, nikamwambia nimeshajitoa.

"Kwa nini, mzee?"

"Ilikuwa inanikata na kunipeleka."

"Ilikuwa inamkata mgeni," akasema pole pole. "Tozo ya malazi. Inatuletea sisi. Wageni wako wote tangu mwanzo walishalipa. Tozo ya kulala hukuwa unadaiwa hata ya usiku mmoja."

"Sikuwa?"

"Mpaka ulipojitoa. Huyu binti wa shangazi ndiye wa kwanza."

Mwalimu akasema anasikitika kusikia hivyo. Nadhani alisikitika kweli.

Chumba kimesimamishwa. Mwalimu anaruhusiwa kumaliza siku zake, ila hapokelewi mwingine mpaka tujisajili na kulipa tozo yake. Kuhusu yai, afisa alisema hilo hana mamlaka nalo, nikaulize upande wa pili wa mji.

Alipoondoka, mke wangu alikaa kwenye kile kiti kizuri. Sijapata kumwona amekikalia mchana. Akasema, "Nilikuachia chumba changu, mume wangu. Akili yangu sikukuachia, lakini hukuniuliza hata mara moja." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. Alikuwa amejipiga sindano kidoleni, tena si leo tu. Nimeona vidole vyake vina alama nyingi. Giza la korido lile.

 Nikamchemshia maji ya kuoga.

Jumatano, 13 Machi

Mke wangu kavaa kitenge chake cha harusi za watu, kaenda mjini peke yake. Mchana alikuwa amerudi. Amesajili chumba kwa jina lake. Tozo ya Mwalimu amelipa. Amepita na ile ofisi ya upande wa pili, akawaeleza habari za yai, wakaitana wote waje wasikie. Wamemwambia biashara ndogo kama yetu bado haijafika kiwango cha kodi ya mauzo, ila akianza kuuza chakula kwa wingi arudi. Programu nayo kairudisha, kwa simu yake. Manispaa alimkuta karani yule yule, dirisha lile lile. Kasema ni mtu mzuri anayeeleza vizuri.

Jioni kanifundisha kwa vikombe. Kikombe hiki ni mgeni. Hiki programu. Hiki manispaa. Chai inatoka kwa mgeni, inapita kwenye programu, inamwagika kidogo kwa manispaa, inayobaki inakuja kwetu. Nilikuwa naelewa vizuri kabisa. Kisha akainywa ile ya manispaa, nikapotea.

Nikauliza kijiko ni nani.

"Kijiko ni wewe," akasema. "Kazi yako ni kukoroga."

Alicheka aliposema hivyo. Sijamsikia akicheka tangu Alhamisi iliyopita. Nikacheka naye, ingawa nina hakika swali langu halikujibiwa.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu ameondoka. Kaniaga kwa heshima zote, akaniita kaka, nikaona aibu kidogo. Kampa mke wangu nyota tano kwenye daftari lake la semina, kwa kalamu nyekundu, maana hakuja kwa programu.

Mambo yamepangwa upya. Mwenyeji sasa ni mke wangu. Mimi nafua mashuka na kufungua geti. Korido imewekwa taa. Fundi umeme alitaka kuja kesho, mke wangu akamwambia leo, akaja leo.

Nimekwenda kwa Bwana Suti kumwomba radhi kwa wiki nzima ya kutomwamkia. Akasema hakugundua. Iliniuma kuliko kama angekasirika. Akanipa kiti, akaanza tena kunieleza tofauti ya ile tozo na ile kodi, na mimi nikaitikia kwa kichwa kila alipopumua. Kwa kweli ni mtu mwema. Bado nadhani anataka chumba cha tatu.

Jumapili, 17 Machi

Sikuweza kutulia tangu jana. Nilikuwa nafungua geti, nikaona uwanja wetu ulivyo mtupu. Upana wote ule, na chini ni zege. Watu wa ghorofa la jirani wanaacha magari barabarani, yanakwanguliwa.

Nimelifikiria jambo hili kwa utulivu, bila haraka, kama mtu aliyekwishaona makubwa. Tozo ni ya kulala. Anayelala ni binadamu. Gari halina kitanda, halina shuka, halilali. Na chai halinywi, kwa hiyo ile ofisi ya pili nayo haina la kusema. Ni kazi isiyo na kodi ya aina yoyote, wala sina haja ya kumsumbua mtu dirishani. Sikumwambia mke wangu. Hii nataka imkute imekamilika.

Mchana wote nimekuwa getini na kopo la rangi. Herufi kubwa, nyeupe, zinasomeka tangu barabara kuu. Bwana Suti kapita, kasimama, kasoma, kafungua mdomo, kisha kaufunga na kuendelea zake. Wivu. Mke wangu naye katoka na sindano mdomoni, kasoma, karudi ndani. Namsikia huko korido anacheka peke yake, cherehani imesimama. Nafurahi kumwona ana raha.

Rangi bado mbichi, lakini geti limependeza: HAPA TUNALAZA MAGARI.