Feni ya Gari la Bibi Harusi

Jumatatu, 27 Novemba 2006

Injini imeingia! Pijo kuukuu ya marehemu babake Kamlesh sasa ina injini ya Toyota, na imewaka mara ya kwanza. Nimejipongeza kwa chapati mbili.

Kamlesh anauza vipuri Kirinyaga Road. Jumamosi binti yake Sonal anaolewa, na ataondoka kwao Muthangari ndani ya gari la babu yake. Likimfikisha kwa mumewe bila kusimama, banda lililo nyuma ya duka nitapewa mimi nifanyie kazi. Banda la mabati! Miaka sita nalala chini ya magari kwenye matope ya Kabiria. Mke wangu Rael ameshachagua ukuta wa kutundika spana.

Shida ndogo. Injini ya zamani ilizungusha feni ya redieta kwa mkanda. Hii haina mkanda huo. Nimefunga feni ya umeme, niliitoa kwenye gari lililogongwa. Nyaya mbili, zote nyeusi. Nimeunga hivi hivi, ikanguruma. Feni ikizunguka imezunguka.

Jumatano, 29 Novemba

Limechemka. Kutoka hapa hadi Kawangware tu. Nikatoa thamostati, kile kizibo cha maji ya injini, nikaitupa. Likachemka tena, mbele ya watu.

Nzioka akaja, mikono mfukoni. Ni fundi wa ng'ambo ya barabara, na banda analitaka pia. Juzi nilimwona akimshikia Kamlesh mwavuli. Akasema, "Buda, shika karatasi mbele ya redieta. Ikivutwa, uko sawa. Ikiruka, feni inapuliza nje." Nikamwambia wengine hatutengenezi magari kwa karatasi. Mtego huo. Anataka nipoteze siku.

Ijumaa, 1 Desemba

Bado linachemka. Nimeunga feni moja kwa moja kwenye betri, izunguke bila kupumzika. Likachemka haraka zaidi! Sielewi.

Kisha nikapata akili. Nimekata waya wa mshale wa joto pale kwenye dashibodi. Mshale sasa umelala kwenye baridi. Kamlesh akaja kukagua, akautazama, akanishika bega. "Fundi, hii gari ya baba yangu. Kesho binti yangu iko ndani. Mimi naamini wewe." Niliona aibu. Ikapita nilipokumbuka mabati.

Nimeomba niendeshe mwenyewe. Amekubali. Hita ya ndani ya gari nikiifungua yote, itavuta joto la injini. Tutafika.

Jumamosi, 2 Desemba

Nilivaa suti ya harusi yangu. Sonal na mumewe Navnit wakaingia nyuma. Sonal analia, mama analia, shangazi wote wanalia. Ndipo nikaona mtu anaweka nazi chini ya gurudumu. Mila yao: gari linaipasua likiondoka. Na likishaipasua, Kamlesh akaninong'oneza dirishani, lisisimame njiani wala kurudi. Jasho likanitoka hata kabla ya hita.

Nazi ikapasuka. Tukaenda. Navnit akauliza mbona joto hivi. Nikamwambia injini mpya hutoa hewa ya afya. Wanja wa Sonal ukaanza kushuka mashavuni. Westlands, msongamano. Nikasogea kidogo kidogo ili isihesabike kwamba tumesimama. Nilinusa maji moto. Nikamwomba Mungu mita mia mbili. Alinipa hamsini, halafu mvuke ukafunika kioo chote.

Gari la nyuma yetu lilibeba shangazi. Dereva? Nzioka! Kumbe Kamlesh alimweka akiba. Hakunicheka. Tulipongoja injini ipoe, akaiacha feni izunguke kwenye betri, akashika kadi ya harusi mbele ya redieta. Ikaruka hadi katikati ya barabara. Akabadilisha zile nyaya mbili, hii hapa na ile pale. Kadi ya pili ikanasa kwenye redieta na haikutoka.

Sonal alisimama kando ya barabara na sari yake nyekundu, akilia, na mara hii haikuwa mila. Nilitamani ardhi inimeze. Nzioka akampigia Kamlesh simu, akanipa. Kamlesh aliuliza jambo moja tu: jana mshale ulikuwa unasema nini? Nikamweleza ukweli. Akakata simu.

Jumatatu, 4 Desemba

Nzioka amehamia bandani. Aliniaga kwa heshima, hilo ndilo lililoniuma. Akaniachia ile kadi ya pili ya kupimia feni. Nimeiwashia jiko. Rael amezifungia spana kwenye gunia.

Lakini nimekaa, nikalichunguza kosa langu, nimeliona. Feni moja ilikuwa haitoshi. Mama Kavata wa Karen ana Land Rover iliyokufa injini, anataka afungiwe nyingine, ampeleke mama yake mgonjwa Kitui kabla ya Krismasi. Nimemhakikishia mwenyewe kwamba atafika. Mara hii nafunga mbili kubwa, moja mbele ya redieta na moja nyuma, zikitazamana, zote zikiipulizia redieta. Waya wa mshale nimeshaukata mapema, asiwe na wasiwasi njiani.